Kulainisha Mbonyeo: Historia ya Kazi ya Mbao Bukoba na Muleba

Kazi ya mbao katika nchi ya Wahaya, yaani Bukoba na Muleba za leo, ilianza kwa kuchonga magogo, na kuunga mbao kulikuja baadaye sana. Nyumba ya asili, msonge, ilisukwa kwa fito na matete ikaezekwa nyasi mpaka chini. Haikuwa na fremu ya mlango wala dirisha, hivyo haikumhitaji seremala. Mti uliingia nyumbani kwa umbo lingine: kigoda, ngoma, mwiko, kinu, chombo cha maziwa, mpini wa jembe, na hori refu la kukamulia ndizi za rubisi, pombe ya ndizi. Vyombo hivi vilitoka kila kimoja katika kipande kimoja cha mti, na vingi vina mbonyeo: tumbo la kinu, kikalio cha kigoda, ndani ya ngoma, urefu mzima wa hori.

Upande wa nje wa kitu kilichochongwa haumsumbui fundi, maana kila chombo chenye makali kinaufikia. Kazi iko ndani, mahali ubapa wa chuma haulali na mkono haupati nafasi. Zana za kulainisha mbonyeo zimebadilika mara kadhaa katika eneo hili, kuanzia jani la mti hadi mashine ya umeme, na kila badiliko lilifuata jambo kubwa zaidi katika maisha ya Buhaya: ujio wa misheni, fedha ya kahawa, mashamba ya miti na nguzo za umeme.

Chuma, tezo na jani la msasa

Wahaya walikuwa na chuma chao wenyewe kwa muda mrefu sana. Uchimbaji wa mambo ya kale ulioongozwa na Peter Schmidt kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, hasa Katuruka karibu na Maruku na kando ya ghuba ya Kemondo, ulifukua mabaki ya tanuru za kuyeyushia chuma zenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Katika miaka ya 1970 wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani walijenga tanuru upya na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery waliyaeleza matokeo hayo katika jarida la Science. Kufikia wakati huo ufundi wenyewe ulikuwa umekoma kwa miongo kadhaa, kwa sababu chuma cha Ulaya kilichokuja kwa meli kilikuwa rahisi kuliko kile kilichohitaji makaa mengi na siku nyingi za kazi.

Kwa mchongaji, mhunzi alitengeneza shoka, kisu na tezo. Tezo ndiyo iliyochimba mbonyeo. Ubapa wake umekaa kukingama na mpini, hivyo kila pigo huinua kibanzi kuelekea kwa fundi na kuacha alama ya kijibonde. Fundi mzuri alipunguza nguvu ya mapigo kadiri alivyokaribia mwisho, hata alama zikawa ndogo na kulingana, lakini tezo haiwezi kuzifuta kabisa. Kazi hiyo ilihitaji kitu cha kusugulia.

Kitu hicho kilikuwa jani la mti wa msasa, Ficus exasperata, ndugu wa mtini na wa mitoma iliyovuliwa magome ya kutengenezea nguo za asili. Jani lake lina vinyweleo vifupi na vigumu vyenye silika, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga. Limetumika sehemu nyingi za Afrika kusugua mbao, pembe na vyombo vya nyumbani, na karatasi ya dukani ilipofika ilirithi jina la mti huo. Ubora wa jani ni kwamba linapinda. Fundi akilishika kwa vidole viwili anaweza kulipitisha ndani ya kikombe au kwenye kona ya kikalio, nalo likafuata umbo lililopo. Kasoro yake ni kwamba linaisha haraka: likikauka mno linavunjika, likiwa bichi mno linalegea, na kigoda kimoja kinakula majani mengi.

Hori la rubisi lililainishwa kwa njia ya pekee. Ndizi mbivu zilimenywa, zikawekwa ndani pamoja na nyasi, zikakanyagwa kwa miguu mpaka maji yake yakatoka. Juisi ilichujwa, ikachanganywa na maji na mtama uliokaangwa, ikaachwa kuchachuka humohumo ndani ya hori, chini ya majani ya mgomba. Fundi aliyelichimba aliondoa vibanzi vinavyoweza kumchoma mkanyagaji, basi. Yaliyobaki yalifanywa na matumizi: miguu, nyasi na juisi vilisugua mti msimu baada ya msimu. Hori la zamani lilikuwa laini kuliko jipya.

Misheni na ubao ulionyooka

Mwaka 1890 Emin Pasha, akiwa katika utumishi wa Wajerumani, aliweka kituo Bukoba kando ya ziwa. Mwaka 1892 Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifungua misheni ya Kashozi. Mwaka 1904 seminari ya Rubya ilikuwa imeanza katika Ihangiro, ufalme wa zamani unaochukua sehemu kubwa ya Wilaya ya Muleba. Wamisionari wa Bethel, Walutheri kutoka Ujerumani, walifika mwaka 1910. Pamoja na sala na shule, misheni zilileta majengo ya pembe nne, na jengo la pembe nne linataka kenchi, milango, madirisha, mabenchi, meza na makabati.

Mahitaji hayo yalizaa fundi wa aina mpya. Mchongaji alikuwa akianza na gogo akaondoa kisichotakiwa. Seremala alianza na mbao akaziunga. Alijifunza kushika randa, patasi, msumeno wa mkono na skwea, na kukata viungo vya ulimi na tundu. Zana kuu kati ya hizo, randa, imetengenezwa kwa ajili ya uso ulionyooka: kitako chake bapa hukwangua vilima na kuruka mabonde hadi ubao ulingane. Ndani ya mbonyeo randa haina kazi. Samani za mwanzo za misheni, kuanzia benchi la kanisa hadi dawati la shule, zilikuwa za mistari iliyonyooka, na zana nazo zilisukuma upande huohuo.

Mipindo haikutoweka. Ilibaki kwenye mgongo wa kiti, mkono wa kochi, kichwa cha kitanda na upinde wa juu ya mlango wa kanisa. Hapo seremala alitumia tupa ya mbao, tupa ya duara kwa mipindo midogo, na kipande cha chupa kilichovunjwa vizuri. Ukingo mkali wa kioo ukivutwa juu ya mti hutoa unyuzi mwembamba na kuacha uso laini kuliko tupa. Mafundi wengi wa mkoa wa Kagera, ambamo Bukoba na Muleba zimo, bado wanaijua mbinu hiyo.

Mbao zilipatikana kwa jasho. Gogo lilipandishwa juu ya jukwaa au shimo, mtu mmoja akasimama juu na mwingine chini, wakavutana msumeno mrefu huku wa chini akimwagikiwa na vumbi usoni. Mvule ulipendwa kwa milango na samani za kudumu, kwa sababu hauliwi ovyo na mchwa. Mushambya, Markhamia lutea, ulitoa nguzo na mbao za kawaida, na bado unapandwa kandokando ya vibanja, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa. Muhumula, ambao jina lake la kisayansi Maesopsis eminii linamkumbuka Emin Pasha, hukua haraka na mbao zake ni nyepesi. Podo ilitoka hasa Minziro, msitu wa kinamasi mpakani na Uganda ambao leo ni hifadhi ya asili.

Kahawa, bati na karatasi

Vita Kuu ya Kwanza ilipita Bukoba kwa kishindo kifupi. Mnamo Juni 1915 majeshi ya Uingereza yalivuka ziwa, yakauteka mji kwa siku mbili, yakabomoa ngome na kituo cha simu ya upepo, kisha yakaondoka. Kilichobadilisha kazi ya seremala zaidi ya vita kilikuwa kahawa. Wahaya walikuwa na robusta tangu zamani, iliyochemshwa, kukaushwa na kutafunwa mgeni anapokaribishwa. Katika miaka ya 1920 zao hilo lilileta fedha nyingi Buhaya. Fedha ikaleta bati, na nyumba ya bati ikaleta kazi: mlango wa mbao, dirisha, kitanda, kabati la vyombo, viti vya sebuleni.

Tangu hapo meza ya seremala imefuata hali ya kibanja. Bei ya kahawa ikipanda, oda za samani zinajaa. Ikishuka, yanabaki majeneza na ukarabati. Kahawa ilikuwa jambo zito kiasi kwamba mwaka 1937 amri za serikali kuhusu utunzaji wa mibuni zilisababisha ghasia Bukoba, na mwaka 1950 wakulima walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, Bukoba Native Co-operative Union.

Meli zilizobeba kahawa zilirudi na bidhaa za dukani. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, kwa hiyo Bukoba, mji usio na reli, ulihudumiwa na reli mbili kupitia ziwa. Miongoni mwa bidhaa hizo ilikuwa karatasi ya msasa. Wachina walikuwa wakigandisha chembe za makombe ya baharini kwenye ngozi nyembamba tangu karne ya 13. Kiwanda cha John Oakey kilianza kutengeneza karatasi ya unga wa kioo mjini London mwaka 1833. Mwaka 1891 Edward Acheson wa Marekani alipata kaborandamu, chembe ngumu iliyotengenezwa tanuruni, na kuanzia hapo msasa haukutegemea tena mchanga na kioo peke yake.

Karatasi ilimpa seremala kitu ambacho jani halikuwa nacho: namba. Namba ndogo kama 60 au 80 ina chembe kubwa zinazokula mti haraka. Namba 120 hufuta mikwaruzo ya kwanza, na 180 au 240 huandaa uso kwa vanishi. Kwa uso bapa karatasi hufungwa kwenye kibao. Kwa mbonyeo mafundi walibuni njia rahisi iliyodumu mpaka leo, ya kuviringisha karatasi kwenye kipande cha bomba, mpini wa jembe au chupa yenye unene unaolingana na mpindo, kisha kusugua mbele na nyuma. Mkono uliviringishia msasa kwenye mhimili muda mrefu kabla mashine ya kufanya hivyo haijafika mkoani.

Miti ya kupandwa

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 mvule mkubwa ulizidi kuadimika, na ukataji wa miti ya asili ukawekewa vibali. Misonobari ikapandwa katika mashamba ya serikali kama la Rubare, huku familia zikipanda mikaratusi na misonobari kwenye rweya, nyasi zilizo nje ya vibanja. Duka la mbao la Bukoba au Muleba leo lina misonobari na mikaratusi zaidi ya mvule.

Badiliko hilo linaonekana kwenye msasa. Msonobari una utomvu ambao ukipata joto huyeyuka na kuziba chembe za karatasi, hivyo msasa unakufa kabla haujachakaa. Mkaratusi ni mgumu, na ukipigwa msasa kabla haujakauka vizuri hupinda baadaye na kuharibu kazi. Muhumula hutoa manyoya badala ya vumbi safi, na unahitaji karatasi mpya isiyolegea. Mvule wenyewe una siri mbili: wakati mwingine huficha ndani yake mawe madogo ya chokaa yanayotafuna makali, na vumbi lake huwasha ngozi na pua za wengi.

Umeme unafika

Kwa miaka mingi Kagera ilipata umeme kutoka Uganda kupitia Kyaka, bila kuunganishwa na gridi ya taifa. Mji wa Bukoba ulikuwa na umeme, lakini karakana nyingi za vijijini zilitegemea mikono au jenereta. Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, VETA, kwa sheria ya mwaka 1994, lakini kijana aliyefunzwa kwenye mashine mara nyingi alirudi kijijini asikokuwa na pa kuichomeka. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, ndio uliobadilisha hesabu hiyo, nguzo zilipoanza kuingia vijijini. Chuo kipya cha VETA cha mkoa kilizinduliwa Bukoba mwaka 2022.

Mahitaji nayo hayakupungua. Tetemeko la ardhi la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilibomoa na kupasua nyumba nyingi mkoani, na kila nyumba iliyojengwa upya ilihitaji kenchi, milango na madirisha.

Mashine za kwanza katika karakana ndogo zilikuwa za kupasua, kuranda na kukereza. Msasa ulikuja mwisho, na kwa kawaida ulikuja kama grenda ya mkono iliyofungwa diski ya msasa. Grenda ni ya haraka na ya bei nafuu, lakini kwenye mbonyeo ina ila mbili: ukingo wa diski huchimba mitaro, na kasi yake kubwa huunguza mti. Mafundi wengine walihamia kwenye drili iliyofungwa silinda ndogo ya msasa. Hiyo inafuata mpindo vizuri zaidi, lakini mkono hauwezi kuishika wima sawasawa, hivyo ukingo wa kazi hulala upande.

Mashine ya mhimili wima

Mashine iliyoundwa kwa ajili ya mbonyeo ina meza bapa na mhimili uliosimama wima katikati yake. Bomba la msasa huvikwa kwenye mhimili. Mota huuzungusha mhimili na wakati huohuo huupandisha na kuushusha polepole. Mwendo huo wa juu na chini ndio unaoitofautisha na silinda ya drili: mti unagusana na sehemu kubwa ya msasa badala ya mstari mmoja, joto linapungua, mikwaruzo haijipangi, na bomba linachakaa kwa usawa. Kwa kuwa kazi imelala mezani, ukingo unatoka wima kwa digrii 90 bila kutegemea mkono.

Uchaguzi wake kwa karakana ya nyumbani unaanza na kazi zinazofanyika hapo. Mashine hii haina faida kwa anayetengeneza milango ya mbao tano na vitanda vya mistari iliyonyooka. Inafaa kwa mikono ya makochi, migongo ya viti, vichwa vya vitanda vyenye nakshi, vigoda vya miguu iliyopinda na vipande vinavyorudiwa kwa umbo moja. Inalainisha tu, haikati. Kipande hukatwa kwanza kwa msumeno hadi kubaki milimita moja au mbili nje ya mstari, kisha husukumwa kinyume na mzunguko wa mhimili, bila kusimama mahali pamoja.

Jambo la pili ni seti ya mihimili. Mashine ndogo za mezani huja na unene tofauti, kwa kawaida kati ya nusu inchi na inchi tatu. Kanuni ni kutumia mhimili mnene kuliko yote inayoingia kwenye mpindo, kwa sababu mwembamba huacha mawimbi. Mabomba ya msasa ya kubadilisha ndiyo gharama ya kila mwezi. Fundi wa Muleba anapaswa kujua kabla ya kununua kama ukubwa huo unapatikana Bukoba au Mwanza, la sivyo mashine itasimama bomba la kwanza likiisha.

Jambo la tatu ni umeme. Mtandao wa Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, ya volti 120 na hezi 60, huungua ikichomekwa moja kwa moja. Hata ikiwekewa transfoma ya kushusha volti, mota yake ya kawaida huzunguka polepole kwa takriban sehemu moja ya sita. Mashine za mtumba zinazoletwa na jamaa kutoka nje zinahitaji kusomwa vibandiko vyake kabla ya kulipiwa nauli. Mota ya nusu nguvufarasi inatosha kazi za nyumbani, na jenereta ndogo inayoendesha mashine hiyo iwe na nguvu ya ziada, maana mota hula umeme mwingi inapoanza.

La nne ni vumbi. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mashine isiyo na tundu la kufungia bomba la kunyonyea vumbi haifai ndani ya chumba kilichofungwa, hasa kwa kazi ya mvule. Mahali pasipo na kinyonyaji, mashine iwekwe barazani penye upepo na fundi avae barakoa inayobana.

Kwa karakana ya mtu mmoja inayopata kazi yenye mipindo mara chache kwa mwezi, drili iliyofungwa kwenye stendi pamoja na silinda za msasa inatosha, na fedha inayobaki inunue mbao kavu. Kwa karakana ya makochi na viti inayorudia umbo lilelile kila wiki, mashine ya mezani yenye mhimili unaopanda na kushuka hulipa gharama yake kwa muda unaookolewa na kwa karatasi isiyoharibika. Ile kubwa ya kusimama sakafuni ni ya chuo au kiwanda.